Hati ya Muungano 1964: nani aliandika, nani alisaini, na yapi ni ya vijiweni

Kila Aprili ikifika mada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar inarudi na kila mtu ana lake, huyu anakwambia hati haipo kabisa, yule anasema iliandikwa na Wamarekani, mwingine anadai Karume, rais wa Zanzibar wakati huo, aliwekewa tu karatasi mbele yake akasaini. Yani humo ndani kuna ukweli na uzushi vimechanganywa mpaka huwezi kuvitenganisha.

Kwanza hii ya tarehe, tuimalize haraka. Watu wanadhani hati ilisainiwa 26 Aprili, hapana. Nyerere alivuka kwenda Zanzibar na saini zikawekwa 22 Aprili 1964, tarehe 26 ni siku Muungano ulipoanza rasmi. Na siku hiyo hatukuwa Tanzania bado, tuliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina la Tanzania limekuja Oktoba.

Sasa "iliandikwa na CIA", yani shirika la ujasusi la Marekani. Hii watu wanaipenda manake ina ukweli nusu. Nyaraka za Marekani na Uingereza zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha kabisa kwamba baada ya mapinduzi ya 12 Januari wakubwa hao walikuwa na presha na Zanzibar, wakiogopa itageuka Cuba ya Afrika, na Muungano ulipotangazwa waliufurahia. Ila kufurahia jambo sio kuliandika. Kalamu ilikuwa ya Roland Brown, Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika, ambaye ni Mwingereza, Nyerere alimpa hiyo kazi kimyakimya. Mwenzake wa Zanzibar, Wolfgang Dourado, hakushirikishwa na alikuja kulisema hilo hadharani, Babu, waziri wa mambo ya nje wa Zanzibar, naye alikuwa safarini nje ya nchi, na upande wa Karume anayetajwa kutoa ushauri ni mwanasheria wa Uganda, Dan Nabudere. Kwahiyo tunabishana kuhusu CIA wakati kichekesho kiko wazi: makubaliano ya nchi mbili zilizotoka kumfukuza mkoloni, yameandikwa kwa Kiingereza na Mwingereza.

"Hati haipo, saini ni feki." Mwaka 2014 kwenye Bunge Maalum la Katiba hii ishu ilichemka kweli, wapo wajumbe waliodai saini ya Karume imeghushiwa, serikali ikaitoa hati hadharani na bado wengine hawakuridhika. Kwa maoni yangu ubishi wa saini unatupotezea muda, kwasababu hakuna anayekataa kwamba Karume alikubali kuungana, alisimama na Nyerere mchana kweupe na picha zipo.

Penye shida hasa ni kuridhia. Hati yenyewe inataka iridhiwe na Bunge la Tanganyika, na Baraza la Mapinduzi pamoja na mawaziri wa Zanzibar. Bunge la Tanganyika lilitunga sheria, namba 22 ya 1964, hapo hakuna maneno. Zanzibar ndo kizungumkuti, sheria inayosemekana kuwa ya kuridhia ilichapishwa kwenye gazeti la serikali la Tanganyika, na wanasheria waliofukua hili jambo, akiwemo Profesa Issa Shivji, wamehoji kama Baraza liliwahi kukaa likapitisha chochote. Waliokuwepo nao kumbukumbu zao zinagongana. Sasa mtu akikwambia "hili lilishaisha zamani" muulize liliisha kikao gani.

Kitu kingine ambacho watu hawakisomi, hati ilisema ndani ya mwaka mmoja kutakuwa na tume na bunge la katiba, na kwa muda huo itumike katiba ya Tanganyika ikiwa imerekebishwa. Mwaka 1965 zoezi likaahirishwa, katiba ya kudumu tumeipata 1977.

Mwisho haya mambo 22 ya Muungano, yani yale yanayosimamiwa na serikali ya Muungano kwa pande zote mbili, kuna wanaoamini Karume alisaini yote kwa mkupuo. Kwenye hati ya 1964 yalikuwa 11: katiba na serikali ya Muungano, mambo ya nje, ulinzi, polisi, hali ya hatari, uraia, uhamiaji, biashara ya nje na mikopo, utumishi wa serikali ya Muungano, kodi na ushuru, halafu bandari, usafiri wa anga, posta na simu yamewekwa kapu moja. Sarafu na benki viliongezwa 1965, mafuta na gesi 1968. Kwahiyo anayesema Karume alitia saini kugawa mafuta ya Zanzibar pale 22 Aprili, hiyo karatasi hajaisoma, haina hata neno moja kuhusu mafuta.