Tiketi Yenyewe Iko Wapi?

Jumamosi jioni shemeji kanitumia picha ya skrini: Powerball, bahati nasibu ya Marekani, namba tano na ile nyekundu, kacheza kwenye tovuti moja, na chini yake kaandika, "Wakili, hii ni halali kabisa. Wana leseni." Huyo ni wa nne mwezi huu. Naandika ili wa tano nimtumie linki tu.

Wana leseni ya nini, na ya wapi? Pale chini ya tovuti hiyo, kwa maandishi ya sisimizi, imeandikwa Malta. Sawa, Malta imewaruhusu. Anayetoa ruhusa hapa Tanzania ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41. Kibali cha kuuza samaki Forodhani hakikufungulii genge Kariakoo.

Lakini hilo ni dogo. Kinachonichosha ni watu kuchanganya biashara mbili zinazofanana sura tu. Ya kwanza ni ya kutumwa: kampuni ina mtu wake Marekani, anaingia dukani, ananunua tiketi ya karatasi, anaiskani na kuifungia kwenye sefu. Wewe unalipa bei ya tiketi na ada ya usumbufu. Ya pili haina tiketi kabisa. Unabeti droo itatoa namba zipi, na kampuni inakata bima ili jakpoti ikigongwa, bima ilipe. Rangi ni zilezile, mipira ileile, ila Powerball wenyewe hawana habari nawe. Australia waliipiga marufuku hii ya pili Januari 2019.

Hapo ndipo ninapotajiwa yule Mwiraki. Ni kweli, mwaka 2015 alishinda dola milioni 6.4 za bahati nasibu ya Oregon, kapitia theLotter, kampuni ya kutumwa ya mtandaoni, akiwa kwao Iraki. Jimbo likatafuta ushauri wa kisheria kwanza, kisha likamlipa, naye akaenda mwenyewe kuchukua. Alilipwa kwa sababu karatasi ilikuwepo, imenunuliwa dukani katika mji wa Bend. Angekuwa amebeti, Oregon wangemlipa kwa lipi? (Uraia si kikwazo. Kodi ipo: mgeni hukatwa asilimia 30.)

Sasa niseme lile ambalo mawakili hatupendi kulisema mbele ya mteja: sina hakika. Sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza kufanya biashara ya kumnunulia mtu aliye jimbo moja tiketi ya jimbo lingine. Bunge lao liliziba mwanya huo mwaka 1994. Inamlenga mfanyabiashara, na inataja mtu aliye "katika jimbo". Aliyeko Mwanza hayumo katika jimbo lolote. Je, ameponea hapo? Na alipobonyeza simu, alinunua Oregon au alinunua Mwanza? Nimebishana na wenzangu kuhusu hilo hadi chai ikapoa, na nimewahi kutetea pande zote mbili. Siku nyingine sijishawishi hata mimi.

Na halali ya leo si ya kesho. Februari 2025, Texas, tiketi iliyonunuliwa na kampuni ya kutumwa ilishinda dola milioni 83.5. Siku chache baadaye tume ya bahati nasibu ikatangaza kuzipiga marufuku kampuni hizo, malipo yakakwama, na mshindi akaishia mahakamani.

Nikamwambia shemeji anitumie picha ya tiketi, ile yenye msimbopau. Akatuma ileile ya skrini. Tukafungua masharti, ukurasa baada ya ukurasa, hadi neno "dau".

"Kwa hiyo nimebeti?"

"Umebeti, shemeji."

Akanyamaza. Droo ilikuwa alfajiri kwa saa zetu. "Lakini nikishinda utanisimamia?"

Nikamwambia ada yangu hulipwa kabla ya droo.