Saa nne asubuhi ni saa ngapi kwenye logi?

Msimu wa korosho unapofunguka hapa Mtwara, simu yangu haipumziki. Asubuhi moja karani wa ghala, ambaye mfumo wake wa mapokezi unategemea hifadhidata ya PostgreSQL ninayoihudumia, alinieleza kwamba tangu saa nne mizani inapima vizuri lakini uzito hauingii, na kwamba bila shaka ni intaneti.

Nilimwomba asizime chochote, kwa sababu kuizima seva na kuiwasha upya hufuta ushahidi wa miunganisho iliyo hai, kisha nikafungua faili la logi, yaani kumbukumbu ambamo seva huandika matukio yake. Seva ile huandika muda kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, ilhali sisi huanza kuhesabu saa kulipokucha. Kwa hiyo saa nne ya karani ni 10:00 kwenye simu yake na 07:00 kwenye logi. Nimewahi kumkuta fundi akipekua mistari ya 04:00 na kuapa kwamba seva ni nzima.

Mistari mingi ilikuwa ya kukataa miunganisho mipya, kwa kuwa makarani walibofya tena na tena hadi nafasi 100, kikomo ambacho PostgreSQL huja nacho, zikajaa, isipokuwa 3 zilizotengwa kwa msimamizi wa hifadhidata, ambazo ndizo zilizoniruhusu kuingia. Kuongeza kikomo kungerefusha foleni tu. Nilipanda juu hadi 06:58, nikakuta mstari mmoja ukisema kwamba mchakato 4127, yaani muunganisho mmojawapo, umesubiri kufuli (zuio la kugusa data inayobadilishwa na mwingine) kwa zaidi ya milisekunde 1000, na chini yake umetajwa mchakato 3980 kuwa ndio unaolishikilia. Taarifa hiyo huandikwa pale tu mipangilio ya log_lock_waits inapokuwa imewashwa, nami huiwasha kila mahali, hata kama logi itanenepa.

Mwonekano (view) wa pg_stat_activity, unaoorodhesha miunganisho iliyo hai, ulionyesha kwamba 3980 ni muamala wa mkuu wa ghala, yaani mabadiliko yasiyohesabika hadi yathibitishwe: alikuwa amesahihisha jumla ya ghala, safu ileile ambayo kila mzigo unaopimwa huigusa, akaondoka bila kuuthibitisha. Niliukatisha kwa pg_terminate_backend, uzito ukaanza kuingia, kisha nikaweka idle_in_transaction_session_timeout, muda ambao muamala uliokaa bure huvumiliwa, kuwa dakika 5, kwani thamani yake ya awali ni 0, yaani kungoja bila kikomo.

Mkuu wa ghala aliporudi kutoka kwenye chai ya saa nne, alipiga simu kuuliza ni nani aliyefuta masahihisho yake.