Kujifunza Kiingereza na kujifunzia kwa Kiingereza: dhana potofu na ukweli wake

Kila Januari stendi za Mbeya, Makambako na Mafinga hujaa watoto wenye masanduku ya bati na magodoro yaliyokunjwa, wakielekea kuanza kidato cha kwanza. Wengi wao wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na baada ya majuma machache ya kozi ya awali wataandikiwa ubaoni biolojia, jiografia na historia kwa Kiingereza. Wazazi wanaihofia hatua hiyo, na hofu yao ni ya haki kabisa. Ninachokipinga ni dawa wanazoshauriwa kununua, kwa sababu nyingi zimejengwa juu ya mambo ambayo utafiti wa ufundishaji wa lugha ulikwisha kuyachunguza na kuyakuta hayana mashiko.

Dhana iliyo mama wa nyingine zote inasema kwamba mtoto atakijua Kiingereza akifundishwa masomo yote kwa Kiingereza. Hapa mambo mawili yamefungwa kamba moja: kujifunza Kiingereza, yaani kuipata lugha yenyewe, na kujifunzia kwa Kiingereza, yaani kuitumia lugha hiyo kama chombo cha kuchotea maarifa mengine. Chombo ambacho hakijafinyangwa hakiwezi kuchota maji. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtafiti anayefanya kazi nchini Kanada, alitofautisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kitaaluma inayohitajika kusoma aya ya kitabu cha sayansi, kulinganisha hoja na kuandika maelezo. Uchunguzi wake juu ya watoto wa wahamiaji ulionyesha kwamba lugha ya mazungumzo huweza kupatikana kwa takribani miaka 2, ilhali kuwafikia wenzao katika lugha ya kitaaluma huchukua miaka 5 hadi 7. Watoto hao walizungukwa na Kiingereza dukani, uwanjani na kwenye televisheni. Mwanafunzi wetu wa Ludewa au Chunya akitoka darasani hakisikii tena mpaka kesho yake, na bado tunamtaka avuke mto huo kwa majuma machache.

Cummins alionyesha jambo la pili ambalo kwangu lina uzito zaidi: maarifa yaliyokwisha kueleweka katika lugha moja hayaanzi upya katika lugha nyingine. Mtoto aliyeelewa kwa Kiswahili kwamba jani hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, akalijua neno usanisinuru na maana yake, atakapokutana na jina la Kiingereza atajifunza jina tu, kwa kuwa jambo lenyewe analo. Asiyelielewa katika lugha yoyote atakariri jina na maelezo yake, atayaandika kwenye mtihani kama yalivyoandikwa ubaoni, na swali likigeuzwa kidogo tu atakwama.

Ushahidi wa Kiafrika upo tangu zamani. Mwaka 1970 huko Ile-Ife, Nigeria, Babs Fafunwa na wenzake walianzisha mradi ambapo watoto walifundishwa kwa Kiyoruba, lugha yao ya nyumbani, miaka yote 6 ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na walimu waliobobea katika somo hilo. Watoto hao hawakuachwa nyuma na wenzao waliohamishiwa Kiingereza mapema. Walifanya vizuri katika masomo, na hata katika Kiingereza chenyewe. Sehemu ya walimu waliobobea isirukwe, maana haikuwa lugha ya kufundishia peke yake iliyoleta matokeo yale, bali pia ufundishaji makini wa somo la Kiingereza. Hapa kwetu, mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd walichunguza shule za sekondari za Tanzania na kukuta kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi ni cha chini kiasi kwamba hakitoshi kubeba masomo mengine. Masomo kufundishwa kwa Kiingereza hakukuwa kumewapa wanafunzi wale Kiingereza.

Wapo watakaojibu kwa kunyoosha kidole kwenye shule za binafsi za mchepuo wa Kiingereza zilizopo Mbeya mjini, Iringa na Njombe, na kusema: mbona hao wanafaulu? Swali hili linastahili kujibiwa kwa utaratibu, kwa sababu ndilo linalowafanya wazazi wauze mahindi na viazi vya msimu mzima kulipa ada. Mwaka 1923 mtafiti aitwaye Saer alitangaza kwamba watoto wa Wales wenye lugha mbili walikuwa na akili pungufu kuliko wenye lugha moja. Watu waliamini, na wazazi wengi wakaambiwa wasichanganye lugha. Baadaye ilidhihirika kwamba tofauti ilionekana kwa watoto wa vijijini, na kwamba hali za maisha za familia hazikuzingatiwa katika ulinganisho. Mwaka 1962 Peal na Lambert walirudia jambo hilo mjini Montreal wakiwa waangalifu kulinganisha watoto wa familia zenye hali sawa, na matokeo yakageuka: wenye lugha mbili walifanya vizuri zaidi. Sisi tunarudia kosa la Saer kwa upande wa pili. Tunamchukua mtoto mwenye vitabu vyake mwenyewe, anayesoma katika darasa dogo, mwenye wazazi waliosoma na taa ya kusomea usiku, tunamlinganisha na mtoto anayekaa watatu kwenye dawati moja na anayechota maji kabla ya kwenda shule, kisha tofauti yote tunaiita Kiingereza. Kuna wakati husemwa pia kwamba Kanada ilifaulu kwa kuwazamisha watoto katika lugha ya kigeni. Ni kweli kwamba mwaka 1965, huko St. Lambert, watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza walianza shule kwa Kifaransa na wakaendelea vizuri. Lakini walimu wao walikuwa na ufasaha wa Kifaransa, na Kiingereza cha nyumbani kiliheshimiwa na kikafundishwa shuleni baadaye. Asiyekuwa na masharti hayo asitarajie matunda yake.

Nyingi kati ya dhana hizi zilipewa nguvu hapa hapa Afrika Mashariki. Januari 1961 ulifanyika Makerere, Uganda, mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza. Mtaalamu wa lugha Robert Phillipson, katika uchambuzi alioutoa mwaka 1992, alikusanya mafundisho matano yaliyotawala fani hiyo baada ya mkutano huo: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha, kwamba kuanza mapema zaidi ndiyo bora zaidi, kwamba wingi wa Kiingereza huleta ubora, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana Kiingereza kitaporomoka. Akayaita yote matano dhana potofu.

Hilo la kuanza mapema linapendwa sana. Mtoto mdogo kweli huelekea kupata matamshi mazuri, na akiishi miaka mingi katika mazingira ya lugha humpita mtu mzima. Lakini mwaka 1978 Snow na Hoefnagel-Höhle waliwachunguza wazungumzaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, wakaona kwamba katika miezi ya mwanzo wenye miaka 12 hadi 15 walijifunza Kiholanzi kwa kasi zaidi kuliko watoto wa miaka 3 hadi 5. Carmen Muñoz na wenzake mjini Barcelona nao walionyesha kwamba shuleni, ambako lugha husikika saa chache kwa juma, waliochelewa kuanza waliwazidi waliowahi pale saa za masomo zilipolingana.

Dhana nyingine huonekana kwenye vibao vinavyokataza Kiswahili ndani ya eneo la shule. Mwalimu mwenye ujuzi anajua kwamba mwanafunzi husema "he" akimzungumzia mama yake kwa sababu kiambishi a- cha Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke. Akiieleza tofauti hiyo kwa Kiswahili, dakika tano zinatosha. Akikatazwa kuieleza, kosa litaendelea hadi kidato cha nne. Huko Wales, katika miaka ya 1990, Cen Williams aliliweka jambo hili kuwa mbinu rasmi ya darasani: mwanafunzi asome habari kwa lugha moja na aijadili au aiandike kwa nyingine, ili asiweze kunakili bila kuelewa. Adhabu kwa mtoto aliyejieleza kwa Kiswahili humfundisha kunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi lugha yoyote.

Haya yote yatugeukie na sisi tunaokitetea Kiswahili. Kule Makete, Ileje na Rungwe wapo watoto wanaoingia darasa la kwanza wakiwa na Kikinga, Kindali au Kinyakyusa, na kwao Kiswahili ndicho cha pili na Kiingereza cha tatu. UNESCO ilisema tangu mwaka 1953 kwamba mtoto aanze elimu kwa lugha yake ya kwanza. Mwalimu anayemwuliza mtoto wa Kinyakyusa "ugonile", yaani umelalaje, asubuhi, na kumfafanulia neno gumu kwa lugha ya nyumbani, hamharibii Kiswahili.

Mwisho kuna dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, mtu wa Njombe, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985, na serikali haikulipokea pendekezo hilo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, miaka 5 tu baada ya tarehe ambayo tume ile iliitaka.