Je, wajua kwa nini chaja hukataa betri yenye baridi ilhali redio bado inasikika?

Redio ya saiti, ile inayotumia betri ya kuchomoa kama ya mashine ya kutoboa, imelala nje usiku wa baridi kali. Asubuhi fundi anaiwasha na sauti inatoka safi, bila mkwaruzo wowote. Kwa kuwa anajua betri imebakiwa na chaji kidogo, anaichomoa na kuipachika kwenye chaja. Taa ya chaja, badala ya kutulia na kuonyesha kwamba kazi imeanza, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na hakuna umeme unaoingia. Betri iliyokuwa ikiendesha redio dakika moja iliyopita sasa imekataliwa.

Kwa miaka kadhaa nililijibu swali hili vibaya, tena kwa uhakika kamili. Nilisema chaja ni mbovu. Hoja yangu ilikuwa kwamba betri inayotoa umeme ni betri nzima, na kama betri ni nzima lakini chaja haitaki kuichaji, basi mwenye kasoro ni chaja. Nilikuwa nikiichomoa betri na kuirudisha mara nyingi, nikifuta ncha zake kwa kitambaa, nikijaribu soketi nyingine, na baada ya muda mrefu chaja ilipokubali niliamini kwamba ni ule ufutaji uliosaidia. Kumbe betri ilikuwa imepata joto la chumba tu.

Kosa hilo huzaliwa na picha ambayo wengi tunaibeba kichwani bila kuikagua, kwamba betri ni ndoo, umeme ni maji na chaja ni bomba. Ndoo haijali kama kuna baridi au joto, na ndoo inayoweza kumwagwa inaweza pia kujazwa. Picha hiyo haitudanganyi juu ya taa ya chaja peke yake. Ndiyo inayomfanya mtu aiweke betri juu ya hita ili iamke haraka, atafute chaja nyingine isiyo na ubishi hata kama haikutengenezwa kwa ajili ya betri hiyo, au aunganishe nyaya moja kwa moja kwenye ncha za betri iliyoisha kabisa ili kuilazimisha ipokee umeme. Matendo yote matatu huondoa ulinzi uliowekwa kwa makusudi, na mtu huyafanya kwa nia njema kabisa, akidhani anakarabati kifaa.

Picha hiyo ya ndoo ina ndugu yake, nayo ni imani kwamba ni lazima betri imalizwe kabisa kabla ya kuchajiwa. Imani hii ilikuwa na msingi katika betri za zamani za nikeli na kadimiamu, ambazo katika mazingira fulani zilipoteza sehemu ya uwezo wake zikizoea kuchajiwa kabla hazijaisha. Betri za ioni za lithiamu, ambazo ndizo zinazotumika katika redio nyingi za saiti za sasa, hazihitaji desturi hiyo, na kuziacha zikiwa tupu kwa muda mrefu huzidhuru. Volti ya seli, yaani kimoja cha vipande vinavyoungwa pamoja kuunda betri, ikishuka mno, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka na kuingia katika kimiminika cha seli, kisha betri hiyo ikichajiwa, shaba huganda mahali ambapo haikutakiwa kuwapo na inaweza kusababisha shoti ya ndani. Redio inahusika hapa kuliko vifaa vingine, kwa sababu baadhi ya redio huendelea kuvuta mkondo mdogo sana kwa ajili ya saa na kumbukumbu za stesheni hata zikiwa zimezimwa. Betri iliyokaribia kuisha na kusahaulika ndani ya redio kwa miezi inaweza kuvuka mpaka huo polepole bila mtu kugundua.

Tuingie sasa ndani ya betri yenyewe. Aina hii ya betri ililetwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi iliyoizaa. Betri ya volti 18 huwa na seli tano zilizoungwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 3.6 kwa wastani. Ikijaa, kila seli hufikia takriban volti 4.2, na ndiyo maana baadhi ya betri za namna hiyo hiyo huuzwa Marekani zikiwa zimeandikwa volti 20.

Ndani ya seli hakuna umeme uliohifadhiwa kama maji. Kinachohifadhiwa ni mahali zilipo ioni za lithiamu, yaani chembe za lithiamu zenye chaji ya umeme. Chaja inapofanya kazi, ioni hizo huondoka upande chanya, husafiri katika kimiminika kiitwacho elektroliti, hupita kwenye utando mwembamba wa plastiki wenye matundu madogo mno, kisha huingia upande hasi. Upande huo kwa kawaida umetengenezwa kwa kinywe, yaani grafaiti, madini yale yale yaliyomo katika penseli. Redio inapowashwa, ioni hurudi zilikotoka.

Grafaiti ina matabaka yaliyolaliana mithili ya kurasa za kitabu. Fikiria kwamba umepewa vipande vingi vya karatasi na kazi yako ni kuvichomeka katikati ya kurasa hizo. Kila kipande lazima kwanza kipate ukingo wa ukurasa, kiteleze ndani, kisha kisogee kuelekea kwenye mshono wa kitabu ili kuwaachia nafasi wenzake wanaofuata. Kukiwa na joto la kawaida, kurasa ni laini na vipande huteleza bila shida. Kukiwa na baridi kali, ni kana kwamba kurasa zimekakamaa na vidole vyako vimekufa ganzi. Kazi bado inawezekana, lakini inakwenda polepole sana.

Mfano wa kitabu unaonyesha kwa nini mwendo unapungua, lakini hauonyeshi hatari iko wapi. Kwa hilo tuhamie kwenye ukumbi wenye mlango mmoja mwembamba. Nje kuna dereva anayeshusha wageni kumi kila dakika. Dereva huyu ni chaja, ambayo katika sehemu kubwa ya kazi yake husukuma mkondo wa kiasi kile kile bila kupumzika. Siku ya kawaida wageni hupita mlangoni na kwenda kuketi. Siku ya baridi waliotangulia wanasitasita karibu na mlango, waliofuata wanakwama nyuma yao, na dereva bado anashusha kumi kila dakika. Muda si mrefu baraza imejaa.

Watu wanaosubiri barazani hawana madhara. Ioni haiwezi kusubiri hivyo, kwa sababu elektroni inayoifuata kupitia waya imekwisha kufika, na ioni iliyokosa nafasi ndani ya grafaiti huipokea elektroni hiyo pale pale mlangoni na kugeuka kuwa metali ya lithiamu. Kwa maneno mengine, baraza inapakwa metali. Jambo linalonishangaza kila ninapolifikiria ni udogo wa nafasi iliyopo kati ya hali salama na hali hiyo, kwani grafaiti iliyokaribia kujaa lithiamu ina tofauti ya takriban volti 0.1 tu na kiwango ambacho metali huanza kuganda juu yake. Msongamano mdogo mlangoni unatosha kuuvuka mpaka huo.

Metali hiyo haigandi kama rangi iliyosambazwa vizuri kwa brashi. Mara nyingine huota kama manyoya au vijiti vyembamba, na vijiti hivyo huweza kukua kuelekea kwenye utando unaotenganisha pande mbili za seli, ambao unene wake ni takriban maikromita 20, mwembamba kuliko unywele wa binadamu. Kijiti kikiutoboa, pande mbili hukutana na shoti hutokea ndani ya seli, mahali ambapo hakuna swichi wala fyuzi inayoweza kuikata. Hapa pana tahadhari ya haki: si kila kuchaji katika baridi huishia kwenye moto. Sehemu ya metali hiyo huyeyuka tena na kurudi kazini, sehemu nyingine hupotea na kupunguza uwezo wa betri, na betri inaweza kuonekana haina tatizo kwa wiki nyingi. Ukimya huo ndio unaompotosha mtumiaji, kwa sababu aliyeilazimisha betri leo na asione lolote ataamini kwamba onyo la chaja lilikuwa la bure.

Sasa geuza msafara, wageni watoke. Baridi huwachelewesha pia wanaotoka, lakini anayechelewa kutoka yumo ndani ya ukumbi, mahali pake halali. Hakuna anayerundikana barazani. Upande wa pili nako, ioni zinaingia katika maada yenye volti karibu 4 juu ya kiwango cha kuganda kwa metali, kwa hiyo hatari ile haipo. Baridi inapunguza tu idadi ya ioni zinazofika kwa wakati, yaani ukinzani wa ndani wa betri unaongezeka na volti inashuka mzigo unapokuwa mkubwa. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa seli huruhusu seli itoe umeme hadi nyuzi 20 chini ya sifuri za Selsiasi, lakini huruhusu ichajiwe kuanzia nyuzi 0 tu.

Hapo ndipo kitendawili cha redio kinapofumbuka. Redio kwa sauti ya wastani huhitaji mkondo mdogo, pengine ampea moja au chini yake, ilhali mashine ya kutoboa inapokaza huvuta makumi ya ampea. Betri iliyoganda kwa baridi inaweza kuishinda mashine hiyo kabisa na bado ikaihudumia redio bila redio kuonyesha dalili yoyote. Kusikika kwa redio hakutuambii lolote kuhusu hali ya betri ya kupokea chaji.

Upande wa joto kali, nitapita haraka, kwa kuwa tabia yake inafahamika zaidi. Seli yenye joto jingi hupokea ioni kwa urahisi, lakini joto huharakisha mmenyuko usiotakiwa unaoila elektroliti, huzalisha gesi, na kuichakaza betri. Kuchaji kwenyewe huongeza joto juu ya lililokwishakuwapo. Kwa sababu hiyo chaja nyingi husubiri betri ipoe hadi chini ya nyuzi 40 au 45. Betri iliyotoka kwenye mashine ya kutoboa huwa na joto kutokana na kazi, lakini redio haiwezi kuipasha betri kiasi hicho. Ukikuta betri ya redio ni ya moto ilhali haikuachwa juani wala karibu na chanzo cha joto, usiichaji, kwa maana huenda kuna kasoro ndani yake.

Mipaka niliyoitaja hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na maana ya taa zinazowaka na kuzima nayo hutofautiana, kwa hiyo kijitabu cha maelezo cha chaja yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Pia yafaa kukisoma ili ujue kama redio yako huichaji betri inapochomekwa kwenye soketi, kwa maana baadhi hufanya hivyo na nyingine hutumia umeme wa ukutani kwa kucheza tu.

Betri ikikataliwa kwa sababu ya baridi, ilete ndani na uiache kwenye joto la kawaida la chumba. Katikati ya seli hupata joto baada ya ganda la nje, hivyo saa moja au zaidi si muda wa kupoteza. Hewa yenye unyevu hutonesha maji juu ya kitu cha baridi, kwa hiyo ikaushe kabla ya kuipachika. Usitumie hita, jiko wala maji ya moto, maana joto la ghafla huigusa seli ya pembeni kwa ukali huku ya katikati ikiwa bado ya baridi. Betri iliyovimba, iliyopasuka, inayonuka kemikali au iliyozama majini haifai kuchajiwa hata kama chaja imeikubali, kwa sababu chaja haina pua wala macho.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba redio ya saiti na chaja yake hazina ustahimilivu sawa. Redio nyingi hukingwa dhidi ya vumbi na matone, kinga ambayo mara nyingi hutegemea kifuniko cha betri kufungwa sawasawa. Chaja kwa kawaida ina matundu ya kupitisha hewa, hivyo mvua na vumbi la chuma huingia bila kizuizi. Redio inaweza kukaa nje penye manyunyu ikitumia betri. Chaja inapaswa kuwa ndani, pakavu, juu ya kitu kisichoshika moto, na matundu yake yakiwa wazi. Betri iliyochomolewa nayo isitupwe kwenye sanduku moja na misumari, kwani betri ya volti 18 na ampea-saa 5 hubeba wati-saa 90, na msumari mmoja ukiunganisha ncha zake mbili unaweza kuwa mwekundu kwa joto.

Chaja hujuaje joto la betri? Ndani ya betri, kati ya seli na seli, kuna kihisi kidogo ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda, na chaja hukisoma kupitia ncha yake ya pekee, ile ambayo haibebi umeme wa kuendesha redio. Aina inayotumika sana ina ukinzani wa takriban ohmu 10,000 kwenye nyuzi 25, na karibu mara tatu ya hapo kwenye nyuzi 0. Kwa hiyo, betri ikiachwa juu ya chaja ndani ya chumba chenye joto la kawaida, namba hiyo hushuka taratibu, dakika baada ya dakika, mpaka ifike kiwango kilichowekwa. Taa huacha kuwaka na kuzima, hutulia, na ioni huanza kuingia ukumbini bila mtu yeyote kugusa kitu.