Mahujaji wa Namugongo hawamwamini tu kila mtu njiani
Kuna watu wanadhani wale mahujaji wanaotembea kwa miguu mpaka Namugongo, Uganda, kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda (Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao) Juni 3, wanajitupa tu barabarani na kumwamini yeyote wanayekutana naye ati kwa vile wana imani. Hapana jamani. Wengi wanaenda kwa makundi ya parokia au jimbo, wana viongozi, wanalala kwenye parokia na mashule ambako wanasubiriwa, na mtu wa njiani akiona tisheti na bendera anajua hawa ni kina nani hata kabla hajawapa maji. Tahadhari ipo pande zote na si dhambi kabisa! Mwenyeji akikuuliza umetoka parokia gani usinune, ana watoto ndani, mjibu tu.