Ngome ya Lamu si ya Wareno

Wageni wengi wakifika uwanja wa Mkunguni na kuiona ngome, husema papo hapo: "Hii waliijenga Wareno." Sivyo. Wanaichanganya na Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593. Ya Lamu ilikamilika 1821, Wareno wamekwishaondoka zamani. Watu wa Lamu walikuwa wamewashinda Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na wenzao wa kisiwa cha Pate katika Vita vya Shela. Wakahofia kisasi, wakaomba himaya ya Sayyid Said wa Omani. Ndipo ngome ikasimama, kwa matumbawe na chokaa kama nyumba za Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu. Huniuma kusikia historia hii ikipewa wengine. Tangu 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Leo ni makumbusho.