Daftari la Tu-154: dhana potofu kuhusu kutafuta njia kwa ndege ya Kisovieti kwenye simuleta

Anayeingia kwenye chumba cha marubani cha Tu-154 kwa mara ya kwanza hukutana na maandishi ya Kirusi, mishale mingi na visanduku vya namba zinazojizungusha polepole. Ndege hii iliruka mara ya kwanza mwaka 1968, ikaanza kubeba abiria wa shirika la Aeroflot mwaka 1972. Kwenye simuleta, yaani programu ya kuigiza urushaji wa ndege, watu wengi huijaribu jioni moja tu, hupotea njia, kisha huifuta. Naipenda ndege hii, na inaniuma ikiachwa kwa sababu ya mambo ambayo si kweli.

Dhana: NVU ni aina ya GPS ya zamani, inajua ndege iko wapi.

Hapana. NVU, kompyuta ya njia ya Tu-154, haijui ndege iko wapi hata kidogo. Inachofanya ni kuweka hesabu. Wewe unaiambia kipande cha njia kina uelekeo gani na urefu wa kilomita ngapi. Rada ya Dopla iliyo chini ya tumbo la ndege inaiambia kasi juu ya ardhi na kiasi ambacho upepo unaisukuma ndege kando. Jairoskopu, vifaa vinavyoshikilia uelekeo, zinaiambia pua imeelekea wapi. Kutokana na hayo hutoa namba mbili: S, umbali uliobaki hadi mwisho wa kipande, na Z, kilomita ulizotoka nje ya mstari, kulia au kushoto.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. NVU ni daftari hilo. Ukiandika takwimu mbovu, italitunza kosa lako kwa uaminifu mpaka mwisho wa safari. Kuna nyakati hata daftari lenyewe hukosa mwandishi: juu ya bahari tulivu mawimbi ya rada huteleza kama juu ya kioo, machache tu hurudi, na mfumo huendelea kwa kukumbuka upepo wa mwisho ulioupima.

Dhana: Z ikisoma sifuri, uko juu ya mstari.

Hii ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa natoka Moscow kwenda Sochi, upande wa kusini. Otopailoti imeshikana na NVU, Z imetulia sifuri, nami nimeridhika kabisa. Baada ya kama saa moja, mnara wa redio niliotarajia kuupita juu yake ulikuwa mbali kushoto kwangu. Nikakagua kila kitu upya. Kisa kilikuwa kitufe kidogo cha latitudo kwenye paneli ya mfumo wa dira, ambacho nilikiacha kwenye sifuri.

Jairoskopu hushikilia uelekeo wake angani huku dunia ikizunguka chini yake. Kwa anayesimama ardhini, inaonekana kuhama nyuzi 15 kila saa, zikizidishwa kwa sini (sine) ya latitudo. Kwenye ikweta ni sifuri. Moscow, nyuzi 55 na zaidi kaskazini, ni kama nyuzi 12 kwa saa. Kitufe kile ndicho kinachofidia kuhama huko. Kwa kasi ya kilomita 850 kwa saa, kosa hilo linalokua kidogo kidogo hukuweka karibu kilomita 90 nje ya njia baada ya saa moja. Kwa anayekwenda kusini, ni upande wa magharibi. Na Z inabaki sifuri muda wote, kwa sababu NVU inaamini jairoskopu ileile iliyopotoka.

Anayeanzia Dar es Salaam awe macho na swichi ya kaskazini na kusini iliyo kwenye paneli hiyohiyo. Pale kuhama si hata nyuzi 2 kwa saa, lakini ukiiacha swichi upande wa kaskazini, badala ya kulifuta kosa unaliongeza maradufu.

Dhana: Ukikaribia unakokwenda, dira ya ndege huharibika.

Wengi huilaumu modeli ya ndege kwenye simuleta hapa. Chukua safari ya Moscow hadi Novosibirsk. Njia fupi kabisa juu ya tufe huanza kwa uelekeo wa kama nyuzi 72 na kuishia kama nyuzi 109, ingawa ndege haikukata kona hata moja. Ni meridiani, mistari ya kaskazini–kusini, zinazogeuka, kwa kuwa zote zinakutana kwenye ncha ya dunia. Jairoskopu iliyopangwa kwa meridiani ya Moscow itasoma namba moja tangu mwanzo hadi mwisho, na ukifika Novosibirsk itatofautiana na uelekeo wa pale kwa karibu nyuzi 37. Haijaharibika. Kabla ya kushuka, mfumo wa dira hupangwa upya kwa meridiani ya uwanja unaoutua. Asiyefanya hivyo ataitafuta njia ya kurukia mahali isipokuwepo.

Dhana: Njia yote huingizwa kabla ya kuondoka.

NVU hubeba kipande unachoruka na kinachofuata, basi. Ndiyo maana kulikuwa na navigeta, mtafuta njia, kwenye kiti chake: ukimaliza kukata kona, unaanza kuandika kipande kingine. Unaiambia pia ianze kugeuka kilomita ngapi kabla ya mwisho wa kipande. Kwa kilomita 900 kwa saa, ndege ikilala nyuzi 20, kona ya nyuzi 60 inahitaji kama kilomita 10. Ukiweka 2, utapitiliza na kurudi ukiyumbayumba.

Dhana: Nje ya nchi za Kisovieti haina macho.

Ni kweli kwamba daftari la NVU husahihishwa na minara ya RSBN, mfumo wa Kisovieti unaotoa pembe na umbali, na kwamba minara hiyo haipatikani kila mahali. Lakini Tu-154 ina vipokezi vya VOR (minara ya redio inayoonyesha uelekeo) na ILS (redio ya kuongoza kutua) kama ndege nyingine yoyote ya abiria ya wakati wake. Penye VOR unapima mahali ulipo, unalinganisha na Z na S, kisha unarekebisha namba kwa mkono.

Dhana: Kiashiria cha upeo kimefungwa kinyume.

Kiashiria hiki huonyesha ndege imelala kiasi gani. Kwenye ndege za Magharibi mstari wa upeo ndio unaolala. Hapa kinachoinama ni kile kijindege kidogo, kama vile unaitazama ndege yako kutoka nyuma. Jipe safari mbili tatu.

Dhana: Kutumia GPS ndani ya Tu-154 ni kuiharibu historia.

Tu-154 nyingi halisi zilifungwa kipokezi cha GPS cha KLN 90B katika miaka yake ya baadaye, kwa hiyo hakuna historia inayoharibiwa. Mimi hukiwasha, lakini otopailoti naiacha kwa NVU, na kila baada ya dakika kumi nalinganisha Z na kilomita ambazo KLN inasema nimetoka nje ya mstari. Namba hizo mbili zikianza kuachana, naangalia kwanza kitufe cha latitudo.